Mbeya au Iringa? Kabla hujahamia angalia watu wanaongezekaje na ni akina nani

Swali hili linaulizwa kila leo na vijana wa Dar, Dodoma, Morogoro na hata wa hukuhuku kwetu, nikitaka kuanza maisha nyanda za juu kusini niende Mbeya au Iringa? Na majibu huwa yaleyale, Iringa baridi, Mbeya chakula bei chee, Iringa mji umetulia, Mbeya mishemishe. Sikatai. Ila mtu anayekuja kufungua duka, saluni, famasi, gereji au shule ya chekechea, baridi haimlishi wala ndizi hazimlishi, kinachomlisha ni watu. Na watu wa hii mikoa miwili wanaongezeka kwa mwendo tofauti na wamechanganyika kwa namna tofauti pia. Kwaiyo mi nalinganisha kwa hicho tu, afu mwenyewe utapima.

Tuanze na ukubwa. Kwa eneo hii mikoa inalingana, Mbeya kilomita za mraba kama 35,900 na Iringa kama 35,500, hamna tofauti ya kubishania. Sasa njoo kwenye vichwa: sensa ya 2022 ilikuta Mbeya watu 2,343,754 na Iringa watu 1,192,728. Yani ardhi ileile, watu karibu mara mbili. Ukigawanya unapata Mbeya watu 65 hivi kwa kila kilomita ya mraba na Iringa 34. Kumbuka pia kipande kikubwa cha Iringa ni Hifadhi ya Ruaha, ambako wanakijiji hawaishi (Mbeya nayo ina kipande chake upande wa Usangu, bonde la Mbarali), kwaiyo ukiwa Kihesa au Mafinga hutaona utupu huo, ila ukienda upande wa Idodi utaona.

Kuhusu kasi, hapa kuna mtego. Ukichukua sensa ya 2012 utakuta Mbeya watu 2,707,410, ukilinganisha na 2022 utadhani mkoa umepungua watu. Haujapungua, ulimegwa 2016 ukazaliwa mkoa wa Songwe. Mbeya hii tuliyonayo sasa, bila wilaya za Mbozi, Momba, Ileje na Songwe, mwaka 2012 ilikuwa na watu 1,708,548. Iringa nayo ilishamegwa Njombe kabla ya sensa ya 2012, ikabaki na 941,238. Kwaiyo kwa miaka kumi Mbeya imeongeza kama asilimia 37 na Iringa kama 27. Kwa mwaka ni 3.2 kwa 2.4, na 3.2 ndio mwendo wa nchi nzima, ile ya kutoka milioni 44.9 kwenda milioni 61.7. Mbeya inatembea na taifa, Iringa inatembea nyuma yake.

Na hiyo 2.4 ya Iringa ni nafuu kubwa jamani. Kati ya 2002 na 2012 Iringa ilikua kwa asilimia 1.1 tu kwa mwaka, na Njombe 0.8, wakati nchi ilikuwa kwenye 2.7. Njombe ndio ilikuwa ya chini kabisa Tanzania bara, na Iringa ilikuwa kwenye kundi la mwisho. Sababu tunazijua sisi tuliokulia huku ingawa hazisemwi kwa sauti. Ya kwanza watu wanatoka. Tangu enzi za mkoloni vijana wa Ubena (Njombe) na jirani zao walikuwa wanachukuliwa kwenda mashamba ya mkonge Tanga kama manamba, yani vibarua wa mkataba, na mpaka leo binti akimaliza la saba kijijini anafuatwa kwenda kufanya kazi za ndani Dar. Ya pili ni UKIMWI. Makete, Njombe, Mufindi, kuna vijiji vilibaki na bibi na wajukuu, kizazi cha katikati kimeondoka, na hilo hulifuti kwa miaka michache kwasababu waliokufa ndio wale ambao wangezaa. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 bado umeweka Njombe kwenye asilimia 12.7 ya watu wazima, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, wakati taifa ni 4.4. Tofauti ya sasa ni dawa, watu wanatumia ARV wanaishi, wanazaa watoto wenye afya, wanafanya kazi, na mimi naamini sehemu ya kile kupanda kutoka 1.1 hadi 2.4 ni hao watu waliobaki hai. Nalisema hili kwa heshima kabisa, sio kwa kuisema vibaya Iringa. Ukihamia huku ukasikia familia nyingi zimelelewa na bibi, usichekeshe, kaa kimya usikilize.

Sababu ya tatu ni barabara na reli, na hii ndio inayotenganisha miji yenyewe. Barabara kuu ya kwenda Zambia inaingia Mbeya katikati kabisa, Uyole, Sae, Mafiati, Mwanjelwa, Soweto, Nzovwe, mpaka Iyunga, malori yanapita mlangoni kwa watu. Iringa mji uko juu mlimani, barabara inapita chini Ipogolo, msafiri wa Dar kwenda Tunduma anaweza kupita Iringa mara mia asiione Miyomboni, katikati ya mji, hata siku moja. Na reli ya TAZARA, iliyokamilika 1975, ilipanda kupitia Mlimba ikatokea Makambako ikaja Mbeya, Iringa mjini haikugusa. Ndio maana jiji la Mbeya limetoka watu 385,279 mwaka 2012 hadi 541,603 mwaka 2022, na manispaa ya Iringa imetoka 151,345 hadi 202,490. Iringa mjini nayo imekua vizuri tu, kama asilimia 34, ila Mbeya imeongeza watu laki moja na nusu na zaidi, yani kwa miaka kumi imeongeza mji mzima wa Iringa wa 2012 juu ya ule iliokuwa nao.

Ila usiishie kwenye mkoa

Hapa ndipo nataka usome taratibu, kwasababu wengi wanachagua mkoa wakati maisha yako wilayani. Chukua Mbeya. Rungwe na Busokelo kwa pamoja mwaka 2012 walikuwa 339,157, mwaka 2022 wakawa 373,659. Asilimia 10 kwa miaka kumi! Kwa eneo lenye mvua karibu mwaka mzima, ndizi, chai, viazi, maparachichi, maziwa, unajiuliza kulikoni. Ardhi imeisha. Shamba la babu limegawiwa kwa baba na wadogo zake, likagawiwa tena kwa wana, mwenye miaka 20 leo anapewa migomba michache na kiwanja cha kujenga, akili yake inamwambia aondoke. Anaenda Mwanjelwa, anaenda Chunya, anaenda Mbarali, anaenda Dar. Kyela wamekwenda kama asilimia 20, huko kuna mpunga na kokoa vinawashika kidogo, ila mafuriko na ufinyu wa ardhi ni vilevile.

Sasa geuka upande wa pili wa milima. Mbarali imetoka 300,517 hadi 446,336, karibu asilimia 49. Na Chunya, hebu shika hii, imetoka 156,786 hadi 344,471, yani imepita maradufu! Dhahabu, tumbaku, na mapori yaliyokuwa wazi kwa wafugaji. Hakuna wilaya yoyote ya Iringa iliyokwenda hivyo. Iringa vijijini imekwenda kutoka 254,032 hadi 315,354, Kilolo kutoka 218,130 hadi 263,559, na Mufindi pamoja na Mafinga mji kutoka 317,731 hadi 411,325. Ukuaji wa Iringa umesambaa, kila wilaya imepata kidogo, kati ya asilimia 20 na 34. Ukuaji wa Mbeya umerundikana, jiji na mabonde yanajaa, milima ya zamani inatoa watu.

Kwa anayechagua maana yake ni kubwa. Ukisema naenda Mbeya mkoa unaokua afu ukaangukia Tukuyu, mji wa Rungwe, na biashara inayotaka wateja wapya kila mwaka, utakaa unasubiri ukuaji uliopita nyuma yako ukaenda Chunya. Tukuyu ni mzuri kwa biashara ya mazao, kununua ndizi na maparachichi na kusafirisha, huko nakuunga mkono kabisa. Ila kwa duka la vifaa vya ujenzi, mabati, saruji, nondo, ningeenda Rujewa au Chimala kule Mbarali, au Makongolosi kule Chunya, kabla ya Tukuyu.

Na ni akina nani sasa?

Kwanza kabisa, mtu akikuambia Mbeya Wanyakyusa ni asilimia kadhaa au Iringa Wahehe ni asilimia kadhaa, muulize kaitoa wapi. Sensa ya Tanzania mara ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa 1967. Baada ya hapo kabila halihesabiwi, dini haihesabiwi, na mimi nakubaliana nalo kabisa, limetusaidia kuishi. Kwaiyo hapa tunaongelea nani yuko wapi, hatuongelei nani wangapi.

Kosa la kwanza la wageni ni kudhani Mbeya yote ni ya Wanyakyusa. Wanyakyusa kwao ni Rungwe, Busokelo na Kyela. Jiji la Mbeya limekaa kwenye ardhi ya Wasafwa, ndio wenyeji wa hii milima ya Mbeya na Loleza, na ukienda pembezoni Mbeya vijijini utawakuta na Wamalila upande wa Umalila. Usangu ni kwa Wasangu, wale wa mtemi Merere. Chunya ni kwa Wakimbu, na upande wa kuelekea Ziwa Rukwa, ambao sasa uko Songwe, kuna Wabungu. Songwe nako wako Wanyiha, Wanamwanga, Wandali na Walambya, na ingawa mkoa umegawanyika watu hawajagawanyika, nusu ya mtaa wowote wa Mbeya unaweza kukuta wana ndugu Vwawa au Tunduma.

Juu ya hao ndio kuna tabaka la waliokuja, na hili Mbeya ni nene sana. Mji wenyewe ulianza kukua miaka ya 1920 kwa sababu ya dhahabu ya Lupa kule Chunya, kwaiyo tangu siku ya kwanza ni mji wa watu waliofuata kitu. Wakaja wa reli, wakaja wa malori, wakaja Wakinga kutoka Makete ambao ukiingia soko lolote kubwa huku hutakosa duka lao, wakaja Wahehe, Wabena, Wandali, Wangoni, Wachaga. Usangu nako ni historia kamili. Wabaluchi walikuja enzi za mkoloni wakaanza mpunga wa mifereji na bado wapo Rujewa, yakaja mashamba makubwa ya serikali ya Mbarali na Kapunga yakavuta vibarua kutoka kila mahali, wakaja Wasukuma na Wabarabaig na ng'ombe zao, na Wanyakyusa waliokosa ardhi kwao wakashuka kulima mpunga. Ukikaa Chimala siku ya mnada unasikia lugha kama nane bila kuzitafuta, ila bei zote zinatajwa kwa Kiswahili.

Iringa ni tofauti. Kuna kabila moja ambalo jina lake limekaa juu ya mkoa, Wahehe, na kuna historia moja ambayo kila mtoto anaijua, vita ya Lugalo na Wajerumani 1891, kuanguka kwa ngome ya Kalenga 1894, kifo cha mtemi Mkwawa 1898, fuvu lake kurudi 1954 na kuwekwa makumbusho ya Kalenga. Ukiwa mgeni Iringa hiyo historia utaikuta kwenye jina la chuo, jina la mtaa, mazungumzo ya kilabuni. Wanajivunia na wana haki. Ila hata Uhehe wenyewe ni mchanganyiko, ulijengwa karne ya 19 kwa kuunganisha watawala wadogo wengi chini ya Munyigumba na mwanae Mkwawa, na vita vyao ndivyo vilivyosukuma Wasangu wa Merere mpaka Usafwani wakajenga Utengule ile ya karibu na Mbalizi. Yani hii mikoa miwili imechanganyana damu zamani sana kabla ya lori la kwanza kupita.

Kwa leo, Iringa mchanganyiko uko kwa vipande. Mufindi utakuta Wahehe na Wabena na Wakinga, pamoja na vibarua wa chai, wa msitu wa Sao Hill na wa kiwanda cha karatasi Mgololo. Pawaga na Idodi, kule chini kwenye joto na mpunga, wako Wagogo, Wamasai, Wasukuma na Wabarabaig. Ruaha Mbuyuni kwenye vitunguu na Ilula kwenye nyanya wanapita watu wa aina zote. Mjini kuna jamii ya Wahindi ya siku nyingi, na kuna wanafunzi, na hawa wanafunzi ndio kabila kubwa jipya la Iringa kwa mtazamo wangu: vyuo vya Mkwawa, Chuo Kikuu cha Iringa na RUCU vyote viko kwenye mji wa watu laki mbili. Mbeya ina vyuo vya MUST, TEKU na Mzumbe lakini wanafunzi wake wamezama ndani ya jiji la laki tano, huwasikii sana. Iringa vyuo vikifunga mitaa inapoa, hosteli tupu, stendi ya bajaji inalalamika, kwaiyo anayefungua steshenari au chipsi karibu na chuo ajue mwaka wake una miezi ya njaa.

Mgeni anapokelewaje

Hili nimekaa nalo pande zote na nalisema bila kupepesa. Mbeya hakuna anayekuuliza umetokea wapi kwa sababu mwenyewe naye ametokea mahali. Unapanga fremu Mwanjelwa Jumatatu, Ijumaa wewe ni jirani, kama bidhaa yako nzuri wananunua. Upande wa pili wa hilo ni kwamba hata ukipotea wiki hakuna wa kukuulizia, na ushindani ni mkali, wiki ijayo anafungua mwingine biashara yakoyako pembeni yako.

Iringa inachukua muda. Watu wapole, wanakusalimia kamwene vizuri kabisa, ila mteja wako wa kudumu unampata baada ya kukujua, kwa jumuiya, kwa kanisa au msikiti, kwa msiba uliohudhuria, kwa mwanao anayesoma na wanae. Akishakujua hakuachi. Nimeona wafanyabiashara wa Iringa wana wateja wa miaka kumi na zaidi ambao hawajui kabisa bei ya duka la pili. Kwa mtu mwenye familia, mwenye subira, mwenye kazi ya kuaminiwa kama fundi cherehani, mhudumu wa afya, mwalimu, mwenye shule, hiyo ni mali. Kwa kijana ana mtaji wa miezi mitatu tu na kodi inamsubiri, anaweza kufa kabla hawajamzoea.

Kwaiyo kama huna ndugu huku kabisa, una biashara ya kuuza haraka na huogopi kelele, mi nakupeleka jiji la Mbeya, na ndani ya jiji nakupeleka pembezoni kunakojengwa, Uyole na Iyunga na kuelekea Mbalizi, kuliko katikati ambako fremu ni ghali na wameshajaa. Kama unatafuta pa kulea watoto na kazi yako inategemea jina zuri, Iringa mjini, bila kusita. Na kuna mahali pa katikati ambapo hapatajwi kabisa kwenye mabishano haya, Mafinga. Iko kwenye barabara kuu, ina mbao, ina chai nyuma yake, halmashauri ya mji peke yake ilikutwa na watu 122,329 mwaka 2022, na wapangaji wake wengi ni wageni wa mbao na malori. Unapata upole wa Iringa na wapita njia wa Mbeya kwa pamoja. Ningekuwa kijana wa kuanza leo na mtaji wa wastani ningepaangalia hapo kabla ya kwingine.

Chunya nenda ukijua unakwenda wapi. Watu wamejaa kwa dhahabu, na watu wa dhahabu wanahama na mwamba, leo kijiji kina guest tano kesho zimefungwa. Uza vitu vinavyozunguka haraka, usijenge nyumba ya kudumu kwenye mlipuko mpya mpaka uone tumbaku, ufugaji au ofisi za serikali vimeshika mizizi hapo.

Na kwa wanaotamani shamba la mpunga Mbarali, naomba hili mlichukue kwa uzito. Ile ni wilaya inayovuta watu kuliko ardhi yake inavyoweza kubeba, maji ya Ruaha Mkuu yanagombewa na wakulima, wafugaji, hifadhi na mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu huko chini. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi waliondolewa Ihefu na ng'ombe zao wakapelekwa mikoa mingine, na mwaka 2008 mpaka wa Hifadhi ya Ruaha ukasogezwa ukaingia Usangu, vijiji vikaguswa. Kuna watu walinunua heka kwa karatasi ya mwenyekiti wa kitongoji wakaja kuambiwa wamo ndani ya hifadhi. Usitoe hela kabla ya kwenda ofisi ya ardhi ya wilaya Rujewa na jina la kijiji na kitongoji mkononi, waulize hilo eneo liko ndani au nje ya mpaka, na mfereji unaotaka kutumia una kibali cha maji au ni wa kuchepusha tu. Muuzaji akikukataza usiende kuuliza, rudi na hela yako nyumbani.